Kuandaa flashi ya kusakinisha Debian ikiwa na programu ulizozichagua mwenyewe

Mtu anayesakinisha mfumo endeshi kwenye kompyuta moja tu hahitaji sana mwongozo huu. Atajibu maswali ya kisakinishi moja baada ya jingine, atasubiri, kisha atatumia saa moja au mbili kuongeza programu anazozipenda. Taabu huanza pale kompyuta zinapokuwa ishirini, zimepangwa katika maabara ya shule ambako intaneti ni ya simu ya mwalimu, na kila moja inatakiwa iwe na programu zile zile, akaunti zile zile na mpangilio ule ule wa skrini. Ukifika kompyuta ya saba umechoka; ya nane inakosa kamusi ya tahajia, ya kumi na moja inapewa majira ya nchi nyingine, na jioni hakuna anayeweza kusema kwa hakika kompyuta ipi ina nini.

Njia ninayoieleza hapa ni ya kuyaandika maamuzi yote kwenye faili moja la maandishi, kulitia faili hilo ndani ya kisakinishi chenyewe, na kukiongezea kisakinishi programu ambazo hakikuja nazo, ili flashi moja itoshe kwa maabara nzima bila waya wa mtandao. Nimechagua Debian 13, toleo la mfumo endeshi huria wa Linux lililotolewa Agosti 2025, kwa sababu kisakinishi chake kimeundwa tangu zamani kusoma majibu kutoka kwenye faili la aina hii, na kwa sababu DVD yake ya kwanza tayari ina eneokazi kamili linaloweza kusakinishwa bila intaneti. Tangu toleo la 12 la Juni 2023, faili za ISO rasmi za Debian (nakala ya diski nzima ndani ya faili moja) hubeba pia programu dhibiti za kadi za Wi-Fi na za picha, jambo ambalo awali liliwasumbua wengi waliopewa kompyuta za msaada zenye kadi zisizotambulika. Ila ziangalie kompyuta zako kabla ya kuanza: Debian 13 haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32, kwa hiyo kama unazo za zamani sana itakulazimu kubaki na toleo la 12.

Mifumo mingine ina utaratibu wake wa namna hii. Red Hat na Fedora hutumia Kickstart, Ubuntu hutumia faili la YAML, na Windows husoma faili la autounattend.xml. Wengine hukwepa yote haya kwa kusakinisha kompyuta moja na kunakili diski yake nzima kwenda kwa nyingine. Njia hiyo ni ya haraka, lakini siipendi kwa maabara yenye kompyuta za aina mchanganyiko, kwa kuwa nakala hubeba pia utambulisho wa mashine ya kwanza, hudai diski isiyo ndogo kuliko ile ya asili, na mwaka ukipita hakuna anayekumbuka ndani yake mliweka nini. Faili la maandishi unalifungua na kulisoma.

Kuchagua programu

Anza na kalamu na karatasi. Kama tayari unayo kompyuta ya Debian au Ubuntu unayoipenda ilivyo, andika amri ya apt-mark showmanual kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, nayo itakuonyesha vifurushi vilivyowekwa kwa kuombwa, ikiviacha vile vilivyofuata tu kama vitegemezi, yaani vifurushi ambavyo programu nyingine huvihitaji ili zifanye kazi. Orodha hiyo huwa ndefu kuliko ulivyodhani, na kazi yako ni kuipunguza, kwa sababu kila programu unayoiongeza ni nafasi kwenye flashi, dakika za kusubiri kwenye kila kompyuta, na jambo moja zaidi la kumweleza mwanafunzi.

Kwa maabara ya shule ya sekondari, orodha yangu ni hii. LibreOffice na kivinjari cha Firefox huja pamoja na eneokazi, kwa hiyo siviandiki. Naongeza VLC kwa video na sauti, GIMP kwa picha, Thonny kwa wanaojifunza kuandika programu kwa lugha ya Python, Klavaro kwa mazoezi ya kuchapa bila kutazama kibodi, Stellarium kwa elimu ya anga, na Kiwix, ambayo ni kisomaji cha Wikipedia isiyohitaji mtandao. Palipo na watoto wa shule ya msingi naongeza GCompris na Tux Paint. Wikipedia ya Kiswahili hupatikana kama faili moja la ZIM kwenye maktaba ya Kiwix. Ipakue mara moja mahali penye intaneti nzuri, na kila kompyuta ya maabara itakuwa na ensaiklopidia hata siku ambayo vocha imekwisha.

Kifurushi kimoja hakikosi kwenye orodha yangu kamwe, nacho ni hunspell-sw, kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Bila hicho, mwanafunzi anayeandika insha ya Kiswahili kwenye LibreOffice anaona karibu kila neno limepigiwa mstari mwekundu, na nimewaona watoto wakifuta maneno sahihi kabisa kwa kudhani kwamba wamekosea. Kompyuta haipaswi kumfundisha mtu kwamba lugha yake ni kosa. Wapo waliolitambua jambo hili mapema: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, mwaka 2004. Kusakinisha kamusi peke yake hakutoshi, hata hivyo. Ni lazima pia lugha ya kawaida ya hati iwekwe kuwa Kiswahili ndani ya mipangilio ya LibreOffice, na hilo tutalifikia tutakapoandaa mpangilio wa akaunti.

Kompyuta ya majaribio

Pakua DVD ya kwanza ya Debian kwa amd64 (kompyuta za kawaida za biti 64) kutoka tovuti ya Debian, pamoja na faili la SHA512SUMS lililo kwenye folda ile ile, lenye alama za kuthibitisha kwamba upakuaji umekamilika, kisha ulinganishe kwa amri ya sha512sum. Faili lina ukubwa wa karibu gigabaiti nne, na upakuaji uliokatika katikati hutoa kisakinishi kinachokwama mahali pasipoeleweka, kwa hiyo usiiruke hatua hii. Likiwa sahihi, lipe jina fupi la debian.iso.

Sasa lisakinishe kwa mkono, mara moja, kwenye kompyuta moja au kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta nyingine) ya VirtualBox au QEMU. Chagua Xfce kama eneokazi, kwa kuwa ndilo linalokwenda vizuri kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti mbili. Mashine hii ya majaribio ina kazi tatu: kukukumbusha maswali ambayo kisakinishi huuliza, kukusaidia kukusanya vifurushi vya ziada pamoja na vitegemezi vyake vyote, na kuwa kielelezo cha skrini unayotaka wanafunzi waikute.

Iunganishe na intaneti, andika anwani ya seva ya Debian kwenye faili la /etc/apt/sources.list, tekeleza apt-get update, lakini usisasishe vifurushi vilivyokwisha kuwekwa. Sababu yake ni kwamba ukivisasisha, mashine ya majaribio itakuwa na maktaba mpya kuliko zile zilizo kwenye DVD, na vifurushi utakavyokusanya vinaweza kudai maktaba ambazo kompyuta za maabara hazitakuwa nazo. Kisha:

```
sudo apt-get clean
sudo apt-get -y --download-only install hunspell-sw vlc gimp \
  thonny klavaro stellarium kiwix gcompris-qt tuxpaint
mkdir ziada
cp /var/cache/apt/archives/*.deb ziada/
sudo apt-get -y install dpkg-dev
cd ziada
dpkg-scanpackages -m . > Packages
```

Amri ya pili hupakua bila kusakinisha, na kwa kuwa mashine hii ina vile tu ambavyo kompyuta za maabara zitakuwa navyo, kinachopakuliwa ndicho hasa kitakachokosekana huko. Amri ya mwisho huandika faharasa inayoigeuza folda ya kawaida kuwa hazina ndogo ambayo apt, programu ya Debian ya kuweka vifurushi, inaweza kuisoma. Lihamishie faili la ZIM la Wikipedia ndani ya folda hiyo hiyo.

Baada ya hapo sakinisha programu hizo kwenye mashine ya majaribio yenyewe na uipange skrini kama unavyotaka ionekane: upau wa chini, alama za programu, picha ya nyuma, na lugha ya hati ndani ya LibreOffice. Ukiridhika, funga programu zote, kisha ukiwa ndani ya folda yako ya nyumbani kusanya mpangilio huo:

```
tar -czf mpangilio.tar.gz .config/xfce4 .config/libreoffice
```

Kabla ya kulihamishia faili hili kwenye folda ya ziada, tafuta kwa grep -r kama ndani ya folda hizo kuna mahali jina la akaunti yako ya majaribio limeandikwa, kwa mfano njia ya picha ya nyuma inayoanza na /home. Njia kama hiyo haitakuwepo kwenye kompyuta nyingine. Picha ya nyuma iweke ndani ya ziada, na kwenye mpangilio uandike mahali itakapokuwa baadaye, yaani /srv/ziada.

Faili la majibu

Faili hili huitwa preseed.cfg. Kila mstari una sehemu nne: jina la programu inayouliza, jina la swali, aina ya jibu, na jibu lenyewe. Kati ya aina ya jibu na jibu pawe na nafasi moja tu, kwa sababu nafasi ya pili huhesabiwa kuwa sehemu ya jibu, na kosa hilo halionekani kwa macho.

```
d-i debian-installer/language string en
d-i debian-installer/country string TZ
d-i debian-installer/locale string en_US.UTF-8
d-i keyboard-configuration/xkb-keymap select us
d-i netcfg/enable boolean false
d-i passwd/root-login boolean false
d-i passwd/user-fullname string Msimamizi wa Maabara
d-i passwd/username string msimamizi
d-i passwd/user-password-crypted password $6$...
d-i clock-setup/utc boolean true
d-i clock-setup/ntp boolean false
d-i time/zone string Africa/Dar_es_Salaam
d-i apt-setup/cdrom/set-first boolean false
d-i apt-setup/use_mirror boolean false
d-i apt-setup/services-select multiselect
popularity-contest popularity-contest/participate boolean false
tasksel tasksel/first multiselect standard, xfce-desktop
d-i pkgsel/upgrade select none
d-i finish-install/reboot_in_progress note
d-i preseed/late_command string cp -r /cdrom/ziada /target/srv/; in-target sh /srv/ziada/maliza.sh
```

Mistari mingi inajieleza. Aliyeko Kenya ataandika KE na Africa/Nairobi. Nenosiri la msimamizi haliandikwi wazi: tekeleza mkpasswd -m sha-512, amri inayopatikana kwenye kifurushi cha whois, kisha unakili herufi ndefu inazokupa mahali penye $6$. Mistari ya netcfg na apt-setup inakiambia kisakinishi kisihangaike kutafuta mtandao wala seva za masasisho, ambazo katika maabara yetu hazipo. Bila hiyo utasimama mbele ya kila skrini ukisubiri muda wa kutafuta uishe.

Unaweza kujiuliza kwa nini vifurushi vyetu vya ziada havimo humu, ilhali kuna jibu liitwalo pkgsel/include linalokubali orodha ya vifurushi. Litumie kama una intaneti. Bila intaneti, kisakinishi hutafuta kila jina kwenye DVD pekee, na jina moja likikosekana hatua nzima ya kuweka programu inaweza kushindwa na kukuachia skrini nyekundu isiyosema ni kifurushi gani kilicholeta shida. Ndiyo maana nimeikabidhi kazi hiyo kwa skripti ya mwisho.

Sasa jambo ambalo naomba msomaji alizingatie kuliko yote. Faili langu halina mstari hata mmoja unaohusu kugawa diski, na si kwa kusahau. Majibu hayo yapo, yanajulikana, na ukiyaandika flashi yako itaweza kufuta diski yoyote bila kumuuliza mtu. Niliwahi kuyaandika. Flashi ile ilibaki mezani, mwalimu mmoja akaichomeka kwenye kompyuta yake akidhani ina mitihani, kompyuta ikawaka kupitia flashi, na mtu aliyekuwa jirani akabonyeza kitufe cha kuendelea. Kazi za miaka kadhaa za mwalimu yule hazikurudi. Tangu siku hiyo, swali la diski nimeliacha lijibiwe na binadamu aliyekaa mbele ya kompyuta, pamoja na lile la GRUB, programu ya kuuwasha mfumo, ambalo kompyuta za BIOS ya zamani huuliza mwishoni. Linakugharimu sekunde ishirini kwa kila kompyuta. Zitoe.

Ukimaliza kuandika, kagua sarufi ya faili kwa amri ya debconf-set-selections -c preseed.cfg. Na ukitaka kuyaona majibu uliyoyatoa kwa mkono kwenye mashine ya majaribio, sakinisha debconf-utils na utekeleze sudo debconf-get-selections --installer. Usiyanakili yote jinsi yalivyo, kwa kuwa mengine ni kumbukumbu za ndani za kisakinishi; yachukulie kama mahali pa kutafuta jina sahihi la swali.

Skripti ya kumalizia

Mstari wa mwisho wa faili la majibu huinakili folda ya ziada kwenye mfumo mpya, kisha huitekeleza skripti ya maliza.sh ndani ya mfumo huo kabla kompyuta haijawashwa upya. Skripti yangu ni hii:

```
#!/bin/sh
set -e
export DEBIAN_FRONTEND=noninteractive

echo 'deb [trusted=yes] file:/srv/ziada ./' > /etc/apt/sources.list.d/ziada.list
apt-get update
apt-get -y install hunspell-sw vlc gimp thonny klavaro \
  stellarium kiwix gcompris-qt tuxpaint

echo 'sw_TZ UTF-8' >> /etc/locale.gen
locale-gen

tar --no-same-owner -xzf /srv/ziada/mpangilio.tar.gz -C /etc/skel
echo 'export LC_TIME=sw_TZ' > /etc/skel/.xsessionrc
useradd -m -s /bin/bash -c Mwanafunzi mwanafunzi
echo 'mwanafunzi:badilisha-hili' | chpasswd

rm /srv/ziada/*.deb /etc/apt/sources.list.d/ziada.list
cat > /etc/apt/sources.list <<MWISHO
deb http://deb.debian.org/debian trixie main non-free-firmware
deb http://deb.debian.org/debian trixie-updates main non-free-firmware
deb http://security.debian.org/debian-security trixie-security main non-free-firmware
MWISHO
```

Neno trusted=yes linaiambia apt ikubali hazina isiyo na saini. Hapa ni salama kwa sababu vifurushi vilikaguliwa saini zake vilipopakuliwa na tangu hapo viko mikononi mwako. Usilitumie kamwe kwa hazina ya mtandaoni.

Angalia jinsi mpangilio wa skrini unavyofika kwa mwanafunzi. Linux huinakili folda ya /etc/skel kila inapounda akaunti mpya, na akaunti ya msimamizi huwa imekwisha kuundwa kabla skripti yetu haijaanza. Anayetegemea akaunti hiyo ya kwanza iukute mpangilio atashangaa kuiona ikiwa tupu, na nilipoteza mchana mzima kwa kutolijua hilo. Ndiyo maana akaunti ya mwanafunzi inaundwa ndani ya skripti, baada ya folda ya skel kujazwa. Mpangilio huo ni mzuri kwa sababu nyingine pia: mwanafunzi hana mamlaka ya kuondoa programu wala kubadili mfumo, na msimamizi anabaki na skrini ya kawaida.

Kuhusu Kiswahili, jina kwenye faili la locale.gen huandikwa sw_TZ bila kiambatisho ambacho lugha nyingine nyingi huwa nacho, na kwa Kenya ni sw_KE. Programu nyingi za eneokazi bado hazijatafsiriwa, kwa hiyo menyu zitabaki kwa Kiingereza. LC_TIME inaleta majina ya siku na miezi kwa Kiswahili, na mwanafunzi anayeona Jumatano kwenye kona ya skrini anajua kwamba kuna mtu aliyemfikiria.

Mistari mitatu ya mwisho inayoanza na deb, ambamo trixie ni jina la Debian 13, inaelekeza kwenye seva za Debian. Siku maabara itakapopata intaneti, masasisho ya usalama yatapatikana bila mtu kuhariri chochote. Wengi huisahau mistari hiyo, kisha kompyuta hukaa miaka bila kusasishwa kwa kuwa apt inazijua DVD pekee.

Kuunda ISO mpya

Kazi hii hufanywa kwenye Debian au Ubuntu yoyote yenye xorriso na cpio. Ndani ya folda moja weka debian.iso, preseed.cfg, na folda ya ziada ikiwa na mafaili ya deb, faharasa ya Packages, mpangilio.tar.gz, faili la ZIM, picha na maliza.sh.

```
xorriso -osirrox on -indev debian.iso \
  -extract /install.amd/initrd.gz initrd.gz \
  -extract /install.amd/gtk/initrd.gz initrd-gtk.gz
chmod u+w initrd.gz initrd-gtk.gz
gunzip initrd.gz initrd-gtk.gz
echo preseed.cfg | cpio -H newc -o -A -F initrd
echo preseed.cfg | cpio -H newc -o -A -F initrd-gtk
gzip initrd initrd-gtk
xorriso -indev debian.iso -outdev maabara.iso \
  -boot_image any replay \
  -map initrd.gz /install.amd/initrd.gz \
  -map initrd-gtk.gz /install.amd/gtk/initrd.gz \
  -map ziada /ziada
```

Initrd ni mfumo mdogo unaopakiwa kwenye kumbukumbu kisakinishi kinapoanza. Tunalitia faili la majibu humo, badala ya kuliacha pembeni kwenye flashi, kwa sababu humo husomwa kabla ya swali la kwanza kabisa, lile la lugha. Kuna initrd mbili, moja ya kisakinishi cha maandishi na nyingine ya kile chenye picha, na aliyebadilisha moja tu atapata matokeo tofauti kutegemea alichochagua kwenye menyu. Amri ya mwisho huunda ISO mpya ikidumisha utaratibu wote wa kuwaka, wa BIOS na wa UEFI. Ukitumia chaguo la kukagua uadilifu wa diski kwenye menyu ya kisakinishi, litalalamikia initrd hizo mbili kwa kuwa alama zake zimebadilika, nalo si kosa.

Ijaribu ISO hiyo kwenye mashine pepe iliyozimiwa mtandao, kwa kuwa mashine yenye mtandao itaficha upungufu wa vifurushi ulivyosahau:

```
qemu-img create -f qcow2 jaribio.qcow2 40G
qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 2048 -nic none \
  -cdrom maabara.iso -drive file=jaribio.qcow2 -boot d
```

Skripti ikishindwa, kisakinishi kitakuambia kwamba amri ya mwisho haikufaulu bila kueleza sababu. Kwenye kisakinishi cha maandishi bonyeza Alt na F4 usome kumbukumbu za matukio, au Alt na F2 upate terminali ndogo ya kuchunguza kilichomo ndani ya /target. Mara nyingi kosa ni kitegemezi kilichosahauliwa au jina la kifurushi lililoandikwa vibaya. Rekebisha, unda ISO upya, jaribu tena. Mimi huhitaji mizunguko mitatu au minne kabla ya kuridhika.

Kwenye maabara

Chomeka flashi yenye nafasi ya kutosha, itambue kwa lsblk, na uhakikishe mara mbili kwamba jina unaloliona ni la flashi na si la diski ya kompyuta yako. Kisha, ukiweka jina hilo mahali penye sdX:

```
sudo dd if=maabara.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync
```

Andaa flashi tatu au nne. Ukimaliza kuijibia kompyuta ya kwanza swali la diski, hamia ya pili wakati ya kwanza ikiendelea, na kompyuta ishirini zitakamilika ndani ya siku moja. Kila inayowaka upya, ingia kama msimamizi uipe jina lake kwa sudo hostnamectl set-hostname maabara-07, andika jina hilo pia kwenye mstari wa 127.0.1.1 ndani ya /etc/hosts, badilisha nenosiri la mwanafunzi, kisha libandike jina kwa karatasi kwenye kasha la kompyuta. Fungua akaunti ya mwanafunzi na uandike sentensi mbili za Kiswahili kwenye LibreOffice. Mstari mwekundu ukionekana chini ya neno ulilolikosea makusudi tu, kamusi inafanya kazi.

Folda yote ya kazi, pamoja na preseed.cfg na maliza.sh, iache kwenye flashi ya akiba ndani ya kabati la maabara, si kwenye kompyuta yako peke yako. Debian hutoa marekebisho ya toleo lake kila baada ya miezi michache, na ISO mpya ikitoka utahitaji kukusanya upya vifurushi vya ziada kutoka kwenye mashine ya majaribio iliyosakinishwa kwa DVD hiyo mpya, kwa kuwa vile vya zamani huenda visilingane na maktaba zake.